Kipa Alipopata Mgongo

Chedego ananiuliza tena kama naona tofauti.
Amesimamisha picha, kidole kwenye kioo:
jasho hili, baba, shingoni mwa beki,
toleo lililopita halikuwepo.
Nakodoa. Nasema naona.
Sioni.

Mimi nilikwisha kuona, zamani,
Chang'ombe, chumba cha uani kwa Mama Masinjisa,
shilingi mia kwa mechi,
au kikopo cha zabibu za wizi kutoka Miyuji
na yeye haulizi.
Televisheni inchi kumi na nne, kitambaa cha kufuma juu yake.
Kaseti tulizipuliza
kama mtu anayepuliza kuni mbichi,
vumbi la Dodoma likitoka upande huu
na kuingia upande ule.
Wachezaji walikuwa nukta:
kichwa nukta nne, mpira nukta moja,
wote wametazama ubavuni kama punda wa maji,
na refa ni mlio tu.
Tuliwapa majina. Tuligombana kwa ajili yao.

Halafu Lechipya akarudi kutoka Arusha
na mashine ya kijivu, ameifunga ndani ya shuka.
Akaweka diski. Akatuambia tusihemee karibu.
Uwanja ukazunguka, taratibu,
kamera ikapita nyuma ya goli,
na kipa alikuwa na mgongo.
Mgongo! Na namba juu yake.
Mbijima akainuka, hakusema neno,
akaenda kuchungulia nyuma ya televisheni.

Hapo ndipo tuliporuka, mwanangu.
Baada ya hapo tumekuwa tukitembea.

Usinielewe vibaya, nimetembea na kila kizazi.
Nimeona ngumi zilizokuwa vipande vya sabuni ya mche
zikichipua vidole, kimoja kimoja.
Nimeona midomo ikifumbuka, jezi ikishika upepo,
nyasi zikiacha kuwa zulia.
Nimeona dimbwi la mvua pembeni mwa uwanja
na taa zote zimesimama ndani yake kichwa chini,
nikaita mama yako aje aone maji,
maana ilikuwa Oktoba
na bomba letu la Ipagala lilikuwa linakohoa.
Akatazama. Akasema, wamepatia.
Akarudi kwenye ndoo zake.

Ila kila mara bei ilipanda mara mbili
na mshangao ukapungua nusu.

Sasa unasema tumuunde Mbijima.
Ile mashine ya kijivu tulimuunda kwa dakika tatu:
mrefu, mweusi, mguu wa kushoto.
Jina lilikubali herufi sita tu,
akawa MBIJIM,
akafunga mabao tisini na nne
yaliyolala kwenye kadi ndogo kuliko kiberiti.
Alicheka hadi akakaa chini: wamenikata mkia!
Machi iliyofuata, homa, siku tatu.
Mama Masinjisa alifunga chumba wiki nzima,
na hakuna aliyemdai mechi alizokwisha kulipia.

Mashine yako inauliza maswali ya polisi.
Upana wa pua. Kina cha macho.
Nyusi: chagua kati ya themanini.
Kovu: lipo?
Lipo. Ufito wa zizi, tukiwinda ndama wa watu.
Shavu gani, baba?

Nyuso zinapita, kila moja na vinyweleo vyake,
kila moja inapepesa macho kama inanijua,
na mimi ninayemkumbuka
ana pua ya pembe tatu na ngumi za sabuni,
anakimbia dakika tisini bila tone la jasho.
Nimebaki na huyo.
Yule mwingine, wa nyama, wa kucheka,
amesogea mbali kiasi kwamba
ukimwita anageuka nukta nne.

Upepo umeanza. Vumbi limetua kwenye kioo
juu ya jasho, juu ya nyasi, juu ya kila kitu walichohangaikia,
nalifuta kwa kiganja cha shati.
Baba, shavu gani?
Nasema, kushoto. Kisha nasema, hapana, ngoja.
Mgeuze kwanza.
Niache nimwone mgongo.